Wanawake mstari wa mbele na viwango vya utimamu wa mwili: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Jeshi la Marekani likitajwa sebuleni kwa Waswahili tunaoishi huku, mjomba mmoja atasema viwango vimeshushwa ili wanawake wapite. Binti aliyemaliza sekondari juzi atamjibu kwamba uwezo hauna jinsia. Chai inapoa, na wote wawili wanazungumzia mitihani miwili tofauti bila kujua.

Mimi si mwanajeshi. Nilipita JKT, yaani Jeshi la Kujenga Taifa la Tanzania, kwa mujibu wa sheria, nikatoka na heshima kubwa kwa mtu anayeweza kutembea usiku kucha na mzigo mgongoni. Huku Marekani nimekuwa nikiwasindikiza vijana wa jamii yetu wanaojiandaa na vipimo vya jeshi, na haya ndiyo maswali ninayoulizwa na wao, na zaidi na wazazi wao. Sehemu kubwa ya majibu ni ya Marekani. Nchi nyingine nimezigusa pale zilipofanya jambo ambalo Marekani haikufanya.

Mwanamke anaruhusiwa kupigana katika jeshi la Marekani?

Ndiyo, na kazi yoyote. Tarehe 3 Desemba 2015 Waziri wa Ulinzi Ashton Carter alitangaza kwamba kazi zote zinafunguliwa bila ubaguzi: askari wa miguu, vifaru, mizinga, hata vikosi vya makomando. Jeshi la Marine, yaani askari wa majini wanaopigana pia nchi kavu, liliomba baadhi ya kazi zake zibaki za wanaume, likakataliwa.

Safari ya kufika hapo ilianza mbali. Mwaka 1948 Rais Truman alisaini sheria iliyowapa wanawake nafasi ya kudumu jeshini, lakini wasizidi asilimia 2 ya jeshi, na ndege na meli za kivita wasiziguse. Kikomo cha asilimia 2 kiliondolewa mwaka 1967. Ndege za kivita zilifunguliwa mwaka 1993. Mwaka uliofuata ikatoka kanuni iliyowazuia wanawake kupangwa katika vikosi vidogo kuliko brigedi (kikosi cha askari elfu kadhaa) ambavyo kazi yake kuu ni kupambana na adui ardhini uso kwa uso. Kanuni hiyo ilidumu hadi Januari 2013, alipoifuta Waziri Leon Panetta.

Kwani kabla ya hapo hawakuwa wanapigana?

Walikuwa wanapigana. Kilichokosekana ni karatasi inayokiri hivyo.

Chukua Sajini Leigh Ann Hester wa kikosi cha polisi jeshi kutoka jimbo la Kentucky. Polisi jeshi haikuhesabiwa kuwa kazi ya mapigano, kwa hiyo mwanamke aliruhusiwa. Kazi yao Iraki ilikuwa kusindikiza misafara ya malori. Tarehe 20 Machi 2005, karibu na Salman Pak kusini-mashariki mwa Baghdad, msafara wao ulivamiwa na wapiganaji wapatao 50 waliokuwa wamejificha kwenye mitaro na shamba la miti kando ya barabara. Hester aliipeleka timu yake ubavuni mwa adui, kisha yeye na kiongozi wa kikosi, Timothy Nein, wakashuka mtaroni kwa miguu wakiwa na bunduki na mabomu ya mkono, wakausafisha hatua kwa hatua. Wavamizi 27 waliuawa. Hester alipewa nishani ya ushujaa ya Silver Star, mwanamke wa kwanza kuipata tangu Vita Kuu ya Pili ya Dunia.

Kanuni ya 1994 ilikuwa bado inafanya kazi siku ile. Vita vya Iraki na Afghanistan havikuwa na mstari wa mbele wa kuchorwa kwenye ramani: dereva wa lori alikuwa mbele, mpishi aliyepanda lori hilo naye alikuwa mbele. Afghanistan kulikuwa na sababu nyingine, na hii msomaji wa Kiswahili ataielewa bila maelezo marefu. Askari wa kiume hawezi kuingia ndani kwa watu na kuwapekua wanawake bila kuzua balaa. Jeshi likaunda timu za askari wa kike wa kufuatana na makomando kwenye operesheni za usiku. Luteni Ashley White aliuawa Kandahar mwezi Oktoba 2011 akiwa kwenye kazi hiyo, miaka zaidi ya minne kabla kazi zenyewe hazijafunguliwa rasmi.

Ni kweli viwango vilishushwa ili wanawake wapite?

Mtu akiniuliza hivi, nami humuuliza: kiwango kipi?

Jeshi lina vipimo vya aina mbili na watu huvichanganya kila siku, wakiwemo waandishi wa habari. Kipo kipimo cha utimamu wa jumla. Hiki anafanya kila askari, awe karani, fundi wa redio au mpiga mzinga, ili wakubwa wake wajue kama anautunza mwili. Na kipo kigezo cha kazi: kazi hii inataka mtu anyanyue kitu hiki, akibebe umbali huu, amkokote mwenzake hadi pale. Unaweza au huwezi?

Kipimo cha jumla kwa miongo mingi kiliwapima watu kwa jinsia na umri. Ule mtihani wa zamani wa Jeshi la nchi kavu, uliotumika tangu 1980 kwa takriban miaka 40, ulimtaka kijana wa kiume wa miaka 17 hadi 21 apige pushapu 42 na akimbie maili 2 kwa dakika 15 na sekunde 54. Msichana wa umri huohuo alitakiwa kupiga pushapu 19 na kukimbia kwa dakika 18 na sekunde 54. Sit-apu zilikuwa 53 kwa wote. Anayesema kwamba mtihani huu haukuwa sawa kwa wote amesema kweli. Ila tofauti hizo ziliwekwa zamani sana, wakati mwanamke haruhusiwi hata kuusogelea mlango wa kikosi cha askari wa miguu. Hazikuwekwa ili apite mlango huo.

Kigezo cha kazi ni jambo lingine. Sheria ya Bunge la Marekani ya mwaka 1993 inasema kazi iliyo wazi kwa jinsia zote lazima iwe na kigezo kimoja kwa wote. Tangu 2017, anayeingia Jeshi la nchi kavu hupimwa kwa vitendo vinne kabla ya kupewa kazi: kuruka mbali kwa miguu miwili, kurusha mpira mzito ukiwa umekaa, kunyanyua chuma kutoka chini, na mbio za kwenda na kurudi zinazoongezeka kasi kwa mlio. Kundi la kazi nzito, ambamo askari wa miguu wamo, linataka kuruka sentimeta 160, kurusha sentimeta 450, kunyanyua pauni 160 (kama kilo 72), na kumaliza mizunguko 43 ya mbio. Karatasi ya matokeo ya kipimo hiki haina safu ya wanawake.

Kwa hiyo mjomba ana hoja kuhusu mtihani mmoja, na binti ana hoja kuhusu mwingine.

Basi kwa nini kipimo cha jumla kisiwe sawa kwa wote pia, tukamaliza ubishi?

Walijaribu, na kilichotokea kinafundisha kuliko hotuba zote.

Jeshi lilitengeneza mtihani mpya wa vitendo sita, ukiwa na nia ya kutotazama jinsia wala umri. Kilichowaangusha wengi ni kitendo kimoja: kuning'inia kwenye chuma na kukunja mwili mpaka magoti yaguse viwiko. Kiwango cha chini kilikuwa mara moja tu. Wanawake wengi hawakuweza hiyo moja. Ikazuka hoja ya haki kabisa: karani wa malipo au muuguzi anapoteza kazi kwa kushindwa kitendo ambacho hatakifanya siku yoyote ya utumishi wake? Jeshi likaruhusu planki badala yake, yaani kujishikilia mwili umenyooka kama ubao juu ya viwiko na vidole vya miguu, kisha mwaka 2022 likakiondoa kabisa kile cha kuning'inia na kurudisha alama za jinsia na umri. Msichana wa miaka 17 hadi 21 akawa anapita kwa kunyanyua pauni 120, mvulana 140. Planki ilikuwa dakika moja na nusu kwa wote wawili.

Sauti moja iliyopinga kurudisha alama za jinsia haikutarajiwa na wengi. Kapteni Kristen Griest, mwanamke wa kwanza kuwa ofisa wa askari wa miguu katika Jeshi la nchi kavu, aliandika makala mwaka 2021 akisema kupunguza kiwango kwa wanawake walio kwenye kazi za mapigano kunawaumiza wao wenyewe, kwa sababu kunampa kila askari wa kiume sababu ya kuwatilia shaka. Nakubaliana naye kwa kazi za mapigano. Kwa muuguzi, sioni hoja.

Mwaka 2025 jeshi likaja kwenye mgawanyo huohuo. Tangu 1 Juni 2025 mtihani una vitendo vitano. Askari wa kawaida anahitaji jumla ya alama 300, na jedwali lake bado linatazama jinsia na umri. Walio katika kazi 21 za mapigano wanahitaji 350, bila kushuka chini ya 60 katika kitendo chochote, na wanawake wanahesabiwa kwa jedwali la wanaume. Kwa askari wa kudumu hilo lilipangwa kuanza Januari 2026. Septemba 2025, akiwahutubia majenerali kwenye kambi ya Quantico, Waziri Pete Hegseth alisema kazi za mapigano zitafuata kiwango cha juu cha wanaume, na kama maana yake ni kwamba baadhi ya kazi hakuna mwanamke atakayezipata, basi iwe hivyo.

Hapa niseme neno moja pembeni. Jedwali hilo jipya bado linatazama umri. Sajini wa miaka 45 anapita kwa matokeo ambayo yangemwangusha kijana wa 20, na wote wako platuni moja. Hoja inayorudiwa kila siku ni kwamba risasi haiulizi jinsia. Sijui kwa nini inadhaniwa huuliza tarehe ya kuzaliwa.

Tofauti za mwili ni za kweli, au ni mazoea tu?

Ni za kweli, na kuzikana hakumsaidii binti yeyote. Kwa wastani nguvu za mikono, mabega na kifua za mwanamke ni kama nusu au zaidi kidogo ya za mwanamume. Miguuni pengo ni dogo zaidi, na pumzi pia hutofautiana. Mwaka 2013 Marine walipotaka kila mwanamke ajivute kwenye chuma angalau mara 3, zaidi ya nusu ya makuruti wa kike hawakufikisha hata baada ya miezi ya depo, yaani kambi ya mafunzo ya makuruti. Mpango ukaahirishwa.

Na mzigo wenyewe si wa hadithi. Wataalamu wa jeshi walikwenda Afghanistan mwaka 2003, wakaongozana na kikosi cha askari wa miguu na kupima kila walichobeba. Wastani wa mzigo wa kupigana nao, yaani bunduki, risasi, fulana ya kuzuia risasi, maji, ulikuwa kilo 29. Ukiongeza shanta la safari, kilo 46. Katika hali ya dharura, kilo 60. Uchukue mzigo huo uupandishe mlima wa Afghanistan. Ripoti yenyewe ilisema mizigo ni mizito mno.

Lakini wastani hauombi kazi. Anayeomba kazi ni mtu mmoja mwenye jina, na mwili unafundishika kuliko tunavyodhani. Katikati ya miaka ya 1990 watafiti wa jeshi huko Natick, Massachusetts, walichukua wanawake 46 wa uraiani, wengi wao wakiwa watu wa kazi za kawaida, wakawafanyisha mazoezi ya kunyanyua na kubeba kwa wiki 24. Mwanzoni asilimia 24 tu ndio waliotimiza vigezo vya kazi nzito kabisa za jeshi. Mwishoni walikuwa asilimia 78. Si wote, lakini kutoka robo hadi zaidi ya robo tatu katika miezi isiyofika sita. Siri haikuwa mbio. Ilikuwa kunyanyua vitu vizito mara kwa mara, jambo ambalo wasichana wengi hawajawahi kufundishwa na mtu yeyote.

(Mama wa kijijini anayetembea na ndoo ya lita 20 kichwani na mtoto mgongoni huenda akashangaa utafiti huu ulihitaji fedha za serikali.)

Vipi ule utafiti wa Marine uliosema vikosi mchanganyiko ni dhaifu?

Upo. Mwaka 2015 Marine walimaliza jaribio la miezi kadhaa, wakilinganisha vikosi vya wanaume watupu na vikosi vyenye wanawake. Vikosi vya wanaume vilifanya vizuri zaidi katika kazi 93 kati ya 134, sawa na asilimia 69. Wanawake waliumia zaidi: asilimia 40.5 dhidi ya 18.8 ya wanaume. Si matokeo ya kupuuzwa, na wanaoyaficha wanakosea.

Kasoro yake ni hii: walilinganisha makundi kwa wastani wao. Halikuwekwa sharti kwamba kila anayeingia awe ametimiza kigezo cha kazi ile mahususi, na baadhi ya wanaume walitoka vikosini na uzoefu huku wanawake wakitoka shule moja kwa moja. Waziri wa Jeshi la Wanamaji wa wakati huo, Ray Mabus, aliukosoa hadharani. Ukiniuliza mimi, jaribio lile linathibitisha kwamba ukimweka kwenye kikosi mtu asiyeweza mzigo, kikosi kinachelewa.

Wale waliomaliza kozi ya Ranger walipendelewa?

Maneno hayo yalisambaa sana. Mbunge mmoja, Steve Russell, hata aliomba kumbukumbu zote za mafunzo yao. Yanayojulikana ni haya.

Kozi ya Ranger, mafunzo magumu ya kuongoza mapigano ya Jeshi la nchi kavu, ni ya siku zaidi ya 60 za njaa, usingizi wa kuibia na doria milimani na kwenye vinamasi vya Florida. Mwaka 2015 mlango wake ulikuwa pushapu 49, sit-apu 59, kujivuta kwenye chuma mara 6, na maili 5 kwa dakika 40. Kisha maili 12 na mzigo ndani ya saa 3. Kwa wote.

Aprili 2015 waliingia wanawake 19. Wanane walivuka wiki ya kwanza. Wote wanane wakaanguka katika hatua ya kwanza ya doria, wakarudia, wakaanguka tena. Watano wakaondolewa. Watatu wakaambiwa: mkitaka, anzeni upya kabisa, kana kwamba hamjawahi kufika. Wakaanza upya. Griest na Shaye Haver, rubani wa helikopta, walihitimu Agosti 2015. Lisa Jaster, mama wa watoto wawili mwenye miaka 37, alihitimu Oktoba.

Wanaosema walipendelewa hushikilia huko kurudia. Lakini kurudia hatua ni jambo la kawaida Ranger, na wanaume wengi wanaovaa kile kitambaa begani walirudia. Tena pale kuna kipimo ambacho hakuna mkufunzi anayekitoa: wanafunzi wenyewe hupigiana kura, wakisema nani hafai kuwa naye. Baada ya siku kadhaa bila usingizi, mwenzako aliyekuachia bunduki nzito ya rashasha humpi kura ya huruma. Tangu wakati huo wanawake zaidi ya 100 wamehitimu.

Ili mizani isiegemee upande mmoja: hadi ninapoandika, sijasikia mwanamke aliyemaliza mafunzo ya Navy SEAL, makomando wa Jeshi la Wanamaji. Mlango uko wazi na kiwango hakijaguswa.

Wanawake huumia zaidi mafunzoni?

Ndiyo. Makuruti wa kike huumia takriban mara mbili ya wa kiume, hasa mifupa ya miguu na nyonga inayopata nyufa kwa kuchoshwa. Ila watafiti walipowalinganisha wanaume na wanawake wenye pumzi sawa siku ya kwanza, pengo lilipungua sana. Sehemu kubwa ya tatizo ni kuingia depo ukiwa hujakimbia maishani, na hilo linamvunja mvulana vilevile.

Sehemu nyingine ni mambo madogo ambayo hakuna aliyeyafikiria. Kwata ya pamoja humlazimisha mfupi kupiga hatua ya mrefu, maili baada ya maili. Australia walipowaachia makuruti wa kike hatua zao za asili na kupunguza kasi, mivunjiko ya nyonga ilishuka. Fulana ya kuzuia risasi iliyokatwa kwa kifua cha mwanamume huacha nafasi makwapani na kugonga nyonga mtu anapochutama kulenga. Upungufu wa madini ya chuma pia humwangusha msichana kabla mkufunzi hajamfokea.

Akipata mimba?

Katika Jeshi la nchi kavu la Marekani haondolewi. Kwa kanuni ya 2022, hafanyi mtihani rasmi wa utimamu akiwa mjamzito wala kwa siku 365 baada ya kujifungua. Kisha anafanya kama wengine.

Nchi nyingine zimefanyaje?

Kanada ndiyo ninayoipenda zaidi. Mwaka 1989 baraza la haki za binadamu liliamuru kazi zote zifunguliwe isipokuwa nyambizi, ambazo nazo zilifunguliwa baadaye. Leo kila askari wa Kanada, mwanamke au mwanamume, wa miaka 19 au 54, anapita vipimo vilevile vinne. Kimojawapo ni kunyanyua mfuko wa mchanga wa kilo 20 hadi usawa wa kama mita moja, mara 30, ndani ya dakika 3 na nusu. Kingine ni kukokota mifuko ya mchanga mita 20 bila kusimama. Hakuna pushapu. Waliuliza askari anafanya nini mafurikoni, kwenye moto na chini ya risasi, wakapima hicho. Kapteni Nichola Goddard, ofisa wa mizinga, aliuawa Kandahar tarehe 17 Mei 2006, mwanamke wa kwanza wa Kanada kufa katika mapigano. Mjadala wa kuwafungia milango haukurudi.

Uingereza ilifungua kazi zote Oktoba 2018. Askari wao wa miguu, awe nani, anatembea kilomita 4 na kilo 40 ndani ya dakika 50, kisha kilomita 2 na kilo 25 ndani ya dakika 15, na kazi nyingine zinafuata akiwa bado anahema.

Norwei ilifungua tangu 1985, na tangu 2016 wasichana wanaitwa jeshini kwa lazima kama wavulana. Mwaka 2014 walianzisha kikosi maalumu cha wanawake watupu, Jegertroppen, baada ya kujifunza Afghanistan somo lilelile la kuingia ndani kwa watu.

Israeli huandikisha wanawake tangu mwanzo, lakini milango ya mapigano ilifunguka baada ya Alice Miller kuishtaki wizara ya ulinzi akidai nafasi ya kufanyiwa usaili wa urubani, na kushinda mwaka 1995. Batalioni mchanganyiko ya Caracal hulinda mpaka wa Misri.

Na kwetu Afrika Mashariki?

Wanawake wamo jeshini tangu zamani, ila mjadala wa kiwango cha kazi haujawahi kuwa wa hadharani kiasi hiki. Uganda, Proscovia Nalweyiso aliingia msituni na jeshi la msituni la NRA mapema miaka ya 1980 na kupanda hadi luteni jenerali. Kenya ilikuwa na kikosi cha wanawake cha pembeni hadi mwishoni mwa miaka ya 1990, walipochanganywa na wengine. Fatuma Ahmed aliyeanzia kwenye kikosi hicho akawa Meja Jenerali wa kwanza mwanamke mwaka 2018, na Mei 2024 Mkuu wa Jeshi la Anga.

Tazama pia matangazo ya kuandikisha ya jeshi la Kenya. Kimo cha chini ni kimoja kwa wote, futi 5 na inchi 3. Uzito wa chini ni kilo 54.55 kwa wanaume na 50 kwa wanawake. Nami ningeuliza ninachomuuliza mjomba: uzito huo unapima afya ya mwombaji, au kazi atakayoifanya?

Wanawake wa Marekani wanaweza kuitwa vitani kwa lazima?

Kwa sasa hapana. Kujiandikisha kwa ajili ya wito wa lazima kunawahusu wanaume tu, na Mahakama Kuu ililiunga mkono hilo mwaka 1981 kwa hoja kwamba wanawake hawaruhusiwi kupigana. Hoja hiyo haipo tena, sheria bado ipo.

Binti yangu ana grinikadi na anataka kuwa askari wa miguu. Ajiandaeje?

Kwanza, mama, pumua. Pili, grinikadi (kibali cha kuishi Marekani kwa kudumu) inatosha kuandikishwa kama askari wa kawaida. Kuwa ofisa kunahitaji uraia.

Mazoezi aanze miezi sita kabla, na asianze na mbio peke yake. Kuna binti mmoja wa Kinyamulenge niliyemsaidia, mwepesi kama swala. Maili 2 alikuwa akiwaacha wavulana wote. Tukaenda kwenye nyasi nyuma ya kanisa kujaribu kile kitendo cha mita 250: unakimbia mita 25 kwenda na kurudi, unakokota sleji (kitoroli kisicho na magurudumu) ya pauni 90 kinyumenyume, unakwenda ubavuubavu, unabeba vyuma viwili vya pauni 40, kimoja kila mkono, kisha unakimbia tena. Mbio, sawa. Aliposhika kamba za sleji akavuta, sleji ikakaa. Alikuwa anavuta kwa mikono, mgongo umepinda, visigino vinateleza kwenye umande. Kaka yake akacheka. Nikamwambia akae kama anayekaa kitini, mikono iwe imenyooka kabisa, asukume ardhi kwa miguu. Sleji ikasogea, taratibu, ikichora mstari kwenye nyasi. Siku ile alitumia zaidi ya dakika 4. Kwa jedwali la wanaume, kijana wa umri wake anapita kwa dakika 2 na sekunde 28.

Tukaacha mbio kwa wiki tatu. Kunyanyua chuma mara mbili kwa wiki, akianza na uzito mdogo na mgongo ulionyooka. Kutembea na shanta lenye kilo 10, ukiongeza kilo mbili kila baada ya wiki mbili, kwenye buti zilezile. Kujivuta kwenye chuma kwa kujishusha polepole, maana kushuka kunajenga kupanda. Ugali, maharage, nyama na mboga za majani, si chai na maandazi. Na kipimo cha damu kuangalia madini ya chuma. Mwezi wa tano alipata dakika 2 na sekunde 31. Kaka yake siku ile alipata 2 na 40.

Sekunde tatu zile alizipunguza wiki mbili baadaye, kwenye mvua.

Anaweza kuvaa hijabu?

Ndiyo. Tangu Januari 2017 Jeshi la nchi kavu linaruhusu hijabu kwa kibali cha mkuu wa ngazi ya brigedi. Aombe mapema, kwa maandishi, na abaki na nakala yake.